Asanseri gani kwa hopitali zetu?



Tangu hopitali za mji wetu wa Bukavu zianze kupanda juu, kuna swali ninaulizwa kila mara: "Injenieri, asanseri ya kisasa ni ipi?" Shida iko hapa: swali linakuja likiwa limechelewa. Betoni imekwisha kumwagwa, shimo la asanseri limekwisha kupimwa na masoni kwa jicho, na muuzaji amekwisha kuonyesha picha nzuri kwenye simu. Ndiyo sababu naandika leo, nikiwawaza hasa wale watakaokaa kesho ndani ya komite ya ununuzi: madaktari, wachumi, wasimamizi, siyo mainjenieri peke yao. Fundi hachagui asanseri. Inachaguliwa na watu wa ofisi, halafu fundi anakuja kuirithi.

Kiswahili cha vitabu kinaiita lifti. Sisi huku tunasema asanseri, na nitaendelea hivyo.

Juu ya nini tunapanda juu? Munajua wenyewe. Bukavu ni milima na rasi zinazoingia ndani ya ziwa Kivu, na kiwanja cha tambarare ni kidogo, na udongo wa miteremko mingine unaporomoka. Zamani hopitali ilijengwa kwa mabanda marefu ya chini, mgonjwa akisukumwa chini ya veranda kutoka banda moja mpaka lingine. Leo anayetaka kuongeza vitanda anaongeza etaji. Maternite inakaa juu, sali ya operesheni inakaa chini, au kinyume. Katikati yake kuna ngazi. Na mama mwenye kutoka damu hawezi kungoja mjadala wetu.

Nimeona hopitali moja, sitaitaja jina, ambayo asanseri yake ilizinduliwa kwa hotuba na soda. Ilitembea kwa muda usiofika miaka miwili. Leo kabini imesimama chini, mlango uko wazi, na ndani yake munawekwa katoni za karatasi na ndoo za kusafishia. Ukiuliza unajibiwa: iko pane. Wagonjwa wanabebwa kwenye brankari na watu wanne wa jamaa, kichwa kikitangulia, na kwenye kona ya ngazi wanaiinua brankari juu ya reli ili igeuke. Asanseri ile ilikuwa ya kisasa kabisa, na haikukosa kitu isipokuwa kufaa mahali ilipowekwa. Kwa hiyo neno "kisasa" tuliweke kando kidogo, kwanza tuelewe mashine yenyewe.

Watu wengi wanaogopa kamba kukatika. Woga huo ulijibiwa zamani sana. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba, akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu, na jukwaa halikuanguka, kwa sababu meno ya chuma yalishika reli za pembeni. Wazo hilo, likiwa limeboreshwa, liko ndani ya kila asanseri ya kamba mpaka leo: kabini ikishuka kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa, kifaa cha kupima mwendo kinavuta breki ya dharura inayobana reli. Tena kamba siyo moja, ni kadhaa. Kwa asanseri iliyowekwa vizuri na kutunzwa, hatari ya kila siku iko mlangoni. Nitarudi kwenye mlango.

Zipo jamii mbili kubwa. Ya kwanza inasukumwa na mafuta: pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda, pistoni inapanda, kabini inapanda nayo. Kushuka ni rahisi, vali inafunguliwa na uzito wenyewe unaishusha. Ya pili inavutwa na kamba: upande mmoja wa kamba kuna kabini, upande wa pili kuna uzito wa chuma ambao mafundi wetu wanauita kontrepua, na moteri iko juu katikati, inazungusha gurudumu lenye mifereji ambamo kamba zinapita. Uzito wa kontrepua unakuwa sawa na kabini tupu pamoja na karibu asilimia 40 mpaka 50 ya mzigo unaoruhusiwa.

Hesabu ndogo itaonyesha tofauti. Chukua asanseri ya kitanda ya kilo 1600. Kwa ile ya kamba yenye kontrepua ya asilimia 50, moteri katika hali ngumu kabisa inapigana na kilo 800 tu, kwa kuwa zilizobaki zimesawazishwa. Kwa mwendo wa metre 1 kwa sekunde hiyo ni karibu kilowati 8; ukiongeza hasara za msuguano unafika kama 10. Sasa ile ya mafuta isiyo na kontrepua: pampu inapaswa kuinua kabini yenyewe, tuseme kilo 1500, pamoja na mzigo wa kilo 1600. Hata ukipunguza mwendo mpaka metre 0.6 kwa sekunde, unahitaji kilowati 18 safi, na ukihesabu hasara ni karibu 26. Inatembea polepole zaidi, inakula zaidi ya mara mbili. Na moteri ya pampu ikianzishwa moja kwa moja inaweza kuvuta mkondo mara 6 au 7 ya ule wa kawaida. Grupu la hopitali litapiga magoti, taa za sali ya operesheni zitafifia, na daktari wa upasuaji atauliza nani amefanya hivyo.

Sisemi ya mafuta ni mbaya. Kwa jengo la zamani la etaji mbili, ambalo dari lake haliwezi kubeba moteri na kontrepua, ya mafuta inasaidia kwa sababu uzito wake wote unakaa chini ya shimo. Umeme ukikatika, mtu anaweza kuishusha kwa mkono kwa kufungua vali. Lakini kwa hopitali mpya ya etaji tatu na kuendelea, mimi ningechagua ya kamba bila kusitasita.

Ndani ya jamii ya kamba ndimo "usasa" ulimo kweli. Zamani moteri ilikuwa na giaboksi lenye mafuta, kubwa, linalopiga kelele. Leo moteri nyingi mpya hazina giaboksi, zina sumaku za kudumu, ni ndogo na kimya. Kwa sababu ni ndogo, watengenezaji waliweza kuiondoa chumba cha mashine juu ya paa: KONE walitoa asanseri ya namna hiyo mwaka 1996, moteri ikikaa ndani ya shimo lenyewe, na kampuni zingine zikafuata. Mwaka 2000 Otis walitoa aina inayotumia mikanda bapa, nyaya za chuma zikiwa zimefunikwa na plastiki ngumu, badala ya kamba za duara. Vitu hivi ni vizuri. Vinapunguza nafasi, umeme na kelele.

Kwa hopitali ya kwetu lakini, naomba mufikiri mara mbili kuhusu hivyo viwili vya mwisho. Kamba ya chuma fundi anaiona kwa macho: nyaya zikianza kukatika anazihesabu, anaandika ndani ya daftari, anaamua. Mkanda uliofunikwa hauonyeshi ndani yake. Unahitaji kifaa cha elektroniki cha kuuchunguza. Na kama paa inaruhusu chumba cha mashine, jenga chumba hicho. Fundi atasimama sakafuni pakavu, karibu na moteri, na taa na hewa, badala ya kupanda juu ya kabini ndani ya shimo kila mara kitu kinapolia. Gharama ya matofali hayo ni ndogo ukilinganisha na miaka 20 ya kazi. Moteri isiyo na giaboksi unaweza kuiweka ndani ya chumba cha mashine vilevile, hakuna sheria inayokataza kuchanganya.

Kitu ambacho siwezi kuachilia ni variateri, kile kifaa cha elektroniki kinachobadilisha mwendo wa moteri polepole. Kwa variateri moteri inaanza bila kushtuka, na mkondo wa kuanzia unabaki mdogo, kwa hiyo grupu lenu halihitaji kuwa kubwa kupita kiasi. Tena kabini inasimama usawa na sakafu. Kanuni za Ulaya, EN 81-20, zinataka kabini isimame ndani ya milimita 10 kutoka usawa wa sakafu. Milimita 10 kwa mtu mwenye miguu mizima ni kitu bure. Kwa gurudumu dogo la kitanda chenye mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo, hata hizo 10 zinasikika. Asanseri za zamani za mwendo mmoja au miwili zinaweza kuacha ngazi ya sentimetre kadhaa kulingana na mzigo.

Wauzaji watawapigia debe jambo lingine: variateri inayorudisha umeme. Ni kweli kabisa, na inapendeza kuieleza. Kitanda, mgonjwa, waganga wawili watatu na chupa ya oksijeni vinafika kama kilo 450, wakati asanseri ni ya kilo 1600, kwa sababu kabini ya hopitali inachaguliwa kwa ukubwa wa sakafu, siyo kwa uzito. Maana yake kontrepua mara nyingi ni nzito kuliko kabini na watu wake. Kabini ikipanda na mgonjwa, ni kontrepua inayoivuta, na moteri kazi yake ni kuzuia. Wakati huo inakuwa jenereta na umeme unarudi. SNEL ikiwapo, umeme huo unatumiwa na taa na friji za jengo. Lakini usiku, SNEL imekata na grupu ndilo linalofanya kazi, kama hakuna mizigo mingine ya kuumeza umeme huo, grupu linaweza kuvurugika na kujizima. Kwa hiyo mukichukua variateri ya namna hiyo, muombe pia ukinzani wa breki, ile rezistansi inayogeuza umeme wa ziada kuwa joto wakati grupu linatumika. Muuzaji asiyeelewa ombi hilo hajawahi kuweka asanseri mahali kama kwetu.

Na kwetu ni wapi, kwa upande wa umeme? Tunajua delestaji, voltaji inayoshuka jioni watu wote wakipika, fazi moja inayopotea. Tena mashariki ya Congo ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi. Karti ya elektroniki iliyotengenezwa kwa mji wa Ulaya haikuzoea maisha hayo. Ulinzi dhidi ya radi, waya wa ardhi uliopimwa kwa kifaa, releya inayozima asanseri fazi ikikosekana, na stabilizateri: hivi vinne havimo katika picha nzuri za simu, vinaongeza bei kidogo, na bila hivyo vingine vyote ni kamari. Nimeona karti zilizoungua kuliko kamba zilizochoka, na hata siyo karibu.

Halafu kuna kukatika kwenyewe. SNEL ikikata, grupu linachukua sekunde kadhaa kuwaka likiwa zima, na dakika nyingi likiwa halina mazutu au mlinzi mwenye ufunguo amelala. Nani yuko ndani ya kabini wakati huo? Kuna kifaa cha bateri kinachogundua kwamba umeme umekatika, kinachagua upande ulio rahisi, kinapeleka kabini taratibu kwenye etaji ya karibu na kufungua mlango. Kiandikeni katika masharti kama kitu cha lazima. Bateri zake zinachoka, tuseme zibadilishwe kila baada ya miaka michache, hata kama "bado zinafanya". Na mafundi wa hopitali wafundishwe kuokoa kwa mkono. Hapa ile hesabu ya kontrepua inarudi: ukilegeza breki kwa mkono na ndani mna watu wachache, kabini haishuki, inapanda. Mlinzi asiyejua hilo anashtuka, anaachia levi, anaita watu kusema kuna uchawi.

Sasa ukubwa. Vipimo vya kimataifa vinatoa kwa asanseri ya hopitali ya kilo 1600 kabini ya upana wa metre 1.40 na urefu wa 2.40, mlango wa metre 1.30. Kwa kilo 2500 ni 1.80 kwa 2.70. Ya kwanza inapokea kitanda na watu wachache pembeni. Ya pili inapokea kitanda cha reanimasyo pamoja na mashine ya kupumulia na watu wanaoendelea kufanya kazi juu ya mgonjwa. Shimo lazima liwe kubwa zaidi ya kabini, juu ya reli, kontrepua na milango, na vipimo vya shimo vinatoka kwa mtengenezaji, siyo kwa masoni. Ndiyo maana nilisema swali linachelewa. Nimekuta shimo ambalo halikuweza kupokea kabini ya kitanda hata tungefanya nini. Ikawekwa kabini ya watu sita. Watu sita wenye afya wanapanda, mgonjwa anapita ngazini.

Chini, shimo linashuka tena chini ya sakafu ya kwanza, kwa asanseri nyingi za kawaida kama metre moja na nusu. Mvua za kwetu zinajaza shimo hilo kama halikuzibwa vizuri. Maji yanaozesha reli na swichi za chini. Mbu nao wanazaa humo, ndani ya hopitali.

Kuhusu mwendo, musidanganywe. Hopitali ya sakafu nne zenye kimo cha metre 3.6 kila moja, safari nzima kutoka chini mpaka juu ni metre 10.8. Kwa metre 1 kwa sekunde ni kama sekunde 11 na kidogo. Kufungua mlango, kuingiza kitanda, kukigeuza, kufunga mlango: hayo yanakula muda kuliko safari. Pesa za kuongeza mwendo mpaka 2.5 ziwekeni kwenye mlango.

Mlango, basi. Uliza fundi yeyote wa asanseri, atakuambia pane nyingi zinatoka hapo. Kwa siku moja mlango unafunguka mara mamia. Vumbi la barabara zetu, mchanga wa viatu, mbegu za alizeti, pamba, sindano, vyote vinaangukia ndani ya mfereji wa kizingiti. Mlango unakwama, asanseri inakataa kuondoka, na ndivyo inavyopaswa kukataa. Mama msafishaji mwenye brashi ndogo, akipita kila asubuhi, ananusuru asanseri kuliko mkataba wa matengenezo ulioandikwa vizuri. Kisha vitanda vinagonga milango. Muombe milango ya chuma kisichoshika kutu, kinga za pembeni kwenye kimo cha kitanda, na pazia la mwanga usioonekana ambalo linarudisha mlango kabla haujamgusa mtu. Ule mfumo wa zamani unaongoja mpaka mlango umguse mgonjwa ndipo urudi, kwa hopitali haufai.

Jengo likiruhusu, muchague kabini yenye milango pande mbili zinazotazamana. Kitanda kinaingia huku na kutoka kule bila kugeuzwa.

Asanseri moja au mbili? Hapa nina msimamo mkali. Tuseme asanseri moja inafanya kazi asilimia 95 ya wakati. Inasikika vizuri, lakini asilimia 5 ya mwaka ni siku 18 bila asanseri. Mbili za namna hiyohiyo, kila moja ikiharibika kwa wakati wake, zinakosekana pamoja chini ya siku moja kwa mwaka. Lakini zikishiriki kabati moja la umeme na waya mmoja wa ardhi, radi moja itazilaza zote na hesabu yangu haina maana tena. Kama pesa hazitoshi mbili kubwa, nunua moja ya kitanda na moja ndogo zaidi ya brankari, kila moja na kabati lake. Hiyo ni bora kuliko moja kubwa yenye vioo na ekrani.

Mbili zinatatua pia jambo ambalo muuzaji wa kigeni hataliwaza. Maiti. Kwetu watu hawakubali kupanda pamoja na maiti, na hata mgonjwa akisikia kwamba asubuhi ile maiti imepita humo, atasema heri ngazi. Tunaweza kucheka kama wasomi, ila mimi sicheki. Chakula, nguo chafu, takataka za sali ya operesheni na maiti visipite pamoja na mgonjwa anayeingia kuzaa. Watu wa usafi wa hopitali wanasema hivyohivyo kwa sababu zao. Na kuwe na ufunguo au karti ya dharura: mganga akiipitisha, kabini inaacha simu zote za etaji zingine na kuja moja kwa moja.

Hatukai pia mahali pasipotetemeka. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 wakubwa wetu wanalikumbuka hapa Bukavu, na Goma, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika siku nyingi. Hatari ya pekee kwa asanseri ni kontrepua kuruka nje ya reli zake na kugongana na kabini. Kuna kanuni ya Ulaya kwa maeneo ya matetemeko, EN 81-77, inayoeleza reli zenye nguvu zaidi, vishikizo vya kontrepua, na kifaa kinachohisi mtikisiko na kusimamisha kabini. Mutaje kanuni hiyo kwa namba yake katika kaye ya masharti. Muuzaji akijibu "haina haja", aandike na kutia sahihi.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo lilizima ile asanseri ya katoni. Karti ya mlango ilikuwa imekufa. Karti mpya ilipatikana, lakini mashine ilitaka ipangwe upya kwa kifaa cha mtengenezaji, chenye neno la siri, na mtu mwenye kifaa hicho hakuwa Congo. Tiketi yake ya ndege, viza yake, malazi yake, vyote juu ya hopitali, na bajeti ikafungwa. Siku hizi asanseri ni kompyuta yenye kamba. Zipo ambazo kompyuta yake iko wazi: fundi yeyote aliyesoma anaweza kuona makosa kwenye ekrani, kubadilisha mipangilio, na kununua karti sokoni. Zipo zilizofungwa. Bei ya kununua ya zile zilizofungwa wakati mwingine ni nafuu, na hapo ndipo komite zinanaswa. Kwenye kontra andikeni kwamba kifaa cha kupangia, maneno ya siri na michoro ya umeme kwa Kifaransa vinakabidhiwa kwa hopitali siku ya mapokezi. Andikeni vipuri: karti ya mlango, kontakta, koili ya breki, roda za mlango, seti ya bateri, vikae ndani ya ghala ya hopitali kabla ya malipo ya mwisho. Andikeni mafundi wawili wa hapa wafundishwe wakati wa kuweka mashine, siyo baada yake, maana anayeona reli zikipangwa anaelewa mashine kuliko aliyeonyeshwa slaidi. Vijana wa elektromekaniki wako humu humu kati yetu, wanatafuta staji.

Ufuatiliaji wa mbali, wenye vihisi na rezo, ambapo mashine inatuma habari zake kwa kampuni? Ni kitu kizuri pale ambapo habari hiyo inamfikia mtu aliye karibu na mwenye kipuri mkononi. Vinginevyo unajulishwa kwa haraka jambo ambalo walioko ngazini wanalijua tayari.

Rampa isiachwe, hata mukinunua asanseri nzuri namna gani. Kwa mteremko wa metre 1 kwa 12, kupanda kimo cha metre 3.6 kunataka rampa ya metre 43 na vituo vya kupumzikia. Ni ndefu, inakula nafasi, wasanifu wa majengo hawaipendi. Lakini kitanda na mgonjwa vyenye kilo 230 vinasukumwa juu yake kwa nguvu ya kama kilo 19, watu wawili wanaiweza bila kumwinamisha mtu kichwa chini. Moto ukitokea, asanseri ya kawaida haitumiki. Rampa inatumika, na ikiwa kiwanja kinakubali angalau mpaka etaji ya kwanza, sali ya operesheni na maternite vikae kwenye etaji hizo mbili za chini.

Siku ya mapokezi, komite isije na hotuba tu. Ije na kitanda kizito kuliko vyote vya hopitali, na mtu amelala juu yake, na chupa ya oksijeni. Ije na mifuko ya mchanga iliyopimwa kwenye mzani, kwa sababu breki inajaribiwa na asilimia 125 ya mzigo, na kwa kilo 1600 hiyo ni kilo 2000, yaani mifuko 40 ya kilo 50. Kisha mutu mmoja akate umeme kabini ikiwa katikati ya etaji mbili, fundi akiwa ndani, grupu likiwa limezimwa. Muangalie saa. Mlango ukifunguka kwenye etaji ya karibu, muendelee na jaribio linalofuata. Usipofunguka, kalamu zirudi mfukoni.